Nusu siku Singapore: uzoefu wangu

Nilikuwa njiani kwenda Perth, Australia, kwa binti yangu aliyejifungua, na tiketi ya bei nafuu niliyoipata ilinishusha Singapore asubuhi na kunipandisha ndege nyingine usiku. Wengi waliniambia nisitoke uwanjani, eti uwanja wa ndege wa Changi peke yake watosha kumaliza siku. Mimi nasema toka, ila toka ukijua unakwenda wapi.

Maandalizi si mengi. Fomu ya kuingia nchini hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni bure. Ukikuta tovuti inakudai pesa, ifunge. Tunaotoka Kenya tusisahau kile kitabu cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano. Mizigo mikubwa ilipitilizwa hadi Perth, nikabaki na mkoba wa begani.

Masaibu yalinianzia kwenye geti la treni. Pale kadi ya benki unaigusisha tu, unapita. Yangu ikagoma. Taa nyekundu, nikajaribu tena, nyekundu, na nyuma yangu watu wamejipanga. Na benki nilikuwa nimeipigia simu kabla ya safari, wakaniapia kuwa kadi itafanya kazi popote! Ikabidi ninunue kadi ya usafiri kwa dola 10 za kule, nusu yake ikiwa bei ya kadi yenyewe. Kwa hivyo badilisha pesa kidogo mapema, usitegemee maneno ya benki.

Unabadilisha treni Tanah Merah, unashuka Bugis. Ndani ni baridi kama friji. Nilipotoa chupa ya maji, bibi mmoja akanigusa mkono, akanionyesha bango: kula au kunywa, faini dola 500. Kuvuta sigara, 1,000. Pembeni pamechorwa duriani, lile tunda lenye harufu kali, lililopigwa mstari mwekundu, na hilo halina faini iliyotajwa. Aliyewahi kupanda daladala Unguja na mtu mwenye duriani hahitaji maelezo.

Kutoka Bugis ni mwendo wa dakika chache hadi Kampong Glam, mtaa wa zamani wa Wamalei na Waarabu. Joto ni lile letu la Machi, la nguo kushika mgongoni. Msikiti wa Sultan una kuba la dhahabu, na chini yake kuna ukanda mweusi ambao kwa mbali nilidhani ni nakshi. Kumbe ni vitako vya chupa za kioo, vilivyochangwa na Waislamu maskini ili nao wawe na sehemu yao katika jengo lile, lililokamilika 1932. Nilitazama juu mpaka shingo ikauma. Nikangoja adhana ya adhuhuri kule nje, kimya. Baadaye nikaelewa kuwa vipaza sauti vya misikiti huko vimeelekezwa ndani, na adhana hurushwa redioni. Kwa mtu wa Mombasa, kimya kile ni kigeni mno.

Nje ya msikiti nikaingia kula murtabak. Mpishi alikuwa akiurusha unga hewani mpaka ukawa mwepesi kama leso, akaumwaga juu ya chuma cha moto, akatia nyama ya kusaga, kitunguu na yai, akakunja pembe nne. Mkate mayai wetu kabisa, ila huu huja na mchuzi wa kuchovya. Akaniita, "Kakak!" Nikamtazama: kaka, na buibui hili? Kumbe kwao kakak ni dada mkubwa. Akaendelea, "Apa khabar?" Hapo sikuhitaji mkalimani, nikamjibu "nzuri", tukacheka wote wawili. Tukaanza kuhesabu maneno: sabun, bendera, nanas. Chai yao ya maziwa huvutwa kutoka kikombe hiki hadi kile mpaka itoe povu, na sukari haina huruma.

Mvua ikashuka kama ndoo iliyopinduliwa. Maduka ya zamani kule yana baraza lililofunikwa mbele, upana wake kama futi tano, nao huita kaki lima, yaani futi tano hizo hizo. Nilisimama hapo karibu saa nzima na wauza vitambaa, na sikujuta.

Kwa yule simba wa sanamu mwenye mkia wa samaki nilipita kupiga picha tu. Ni wa kawaida. Maporomoko ya maji ya mita 40 ndani ya jengo la Jewel pale Changi yanastahili sifa zake, ila yako nje ya uhamiaji, uyaone kabla ya kupita.

Murtabak wa pili nilifungiwa, na mchuzi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Kosa langu, nilisahau sheria ya vimiminika. Kwenye ukaguzi mkate ukapita, mchuzi ukabaki. Nikaula mkavu angani.