Birling: achekwe au aogopwe?

Nyie munaoigiza An Inspector Calls, tamthilia ya J.B. Priestley, skuli huku Unguja, Birling, yule tajiri mwenye kiwanda, anasomeka kwa njia mbili. Ya kwanza mumfanye kichekesho: mambo yanatokea 1912, yeye kashiba anajigamba Titanic haizami na vita haviji, na watazamaji wa London 1946 washajua kilichotokea. Rahisi, ukiigiza Ngome Kongwe kicheko kitafika Forodhani, lakini mwisho unamuona punguani tu basi.

Ya pili muanzie kiwandani. Eva Smith, mfanyakazi wake, na wenzake wanapata kama shilingi 22 na peni 6 kwa wiki, wanataka 25, jamaa anakataa halafu anawafukuza walioongoza mgomo, na hata Inspekta anayepeleleza kifo cha Eva akimbana haoni kosa, kwake ile biashara, anachoogopa zaidi ni kashfa isimkoseshe cheo cha Sir. Hapa ndo utabaka ulipo wallahi, maana huyu hesabu anazijua vizuri sana. Na bosi kama huyu sote tunamjua, hata salamu ya mpagazi haitikii.

Mie nachukua ya pili, Titanic itieni kidogo kama pilipili. Na muigizaji asipige makelele, ile kauli ya kufukuza watu aitoe taratibu huku anajimiminia kinywaji.