Papaverini katika kuandaa ateri za upasuaji wa moyo
Katika kuandaa ateri ya kifuani kabla ya kuiunganisha na mishipa ya moyo, papaverini bado ni dawa ninayoiamini, kwa kuwa huulegeza mshipa uliojikaza baada ya kuguswa na vifaa, na damu hutiririka kwa nguvu zaidi. Hata hivyo huchelewa kufanya kazi, asidi yake inaweza kudhuru utando wa ndani wa mshipa, na ikichanganywa na Ringer lakteti, yaani dripu ya maji yenye chumvichumvi, hutoa chembechembe. Ndiyo maana mimi huimimina juu ya mshipa, siidungi ndani. Kwa ateri ya mkono, ambayo daktari mpasuaji Mfaransa Carpentier alianza kuitumia kwa upasuaji huu miaka ya 1970 kisha ikaachwa kwa sababu ya kujikaza huko huko, naiona haitoshi peke yake, na huongeza verapamili na nitrogliserini, dawa nyingine za kulegeza mishipa.