Mbegu za woadi nimezijaribu Mikindani, zinaota ila subirini baridi

Wenzangu mnaotia rangi vitambaa, nimemaliza msimu na hizi mbegu za woadi, mmea ambao majani yake yanatoa rangi ya buluu, ndo naandika sasa. Mi nafanya batiki huku Mikindani na buluu miaka yote nanunua ya unga dukani, nikatamani buluu nnayoilima mwenyewe.

Pakiti ya mbegu 50 sh 15,000 kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaja na basi toka Dar nikaifuata stendi. Mbegu zenyewe safi. Zinakuja na maganda yake meusi na lile ganda linazuia mbegu kuota, kwahiyo loweka usiku kucha suuza vizuri ndo upande. Nilipanda 25 kwanza zikaota 17, hapo sina neno.

Nnapolalamika ni karatasi ya maelekezo, eti panda penye jua kutwa. Jua la Mtwara?? Woadi ni ndugu wa kabichi, Ulaya imelimwa karne na karne, Toulouse kule Ufaransa matajiri walijenga majumba kwa hela ya majani haya, lakini ni mmea wa ubaridi. Mi nikafuata karatasi nikapanda mwezi wa kwanza, joto na mvua, miche ikaoza na iliyobaki vidukari wakaimaliza. Iliniuma sana. Muuzaji anajua anatuma Pwani, angeandika mstari mmoja tu.

Zile 25 nyingine nikapanda mwezi wa tano mvua zilipokata, chini ya minazi kivuli chepesi, mbolea ya kuku ya kutosha maana udongo wetu mchanga mtupu, maji jioni. Mwezi wa nane majani mapana kama sukuma. Vuna mwaka huo huo, mwaka wa pili unatoa maua ya njano na rangi kwenye majani hamna ya maana.

Sasa raha iko hapa. Katakata majani, tumbukiza kwenye maji ya moto yasiyochemka, nyuzi 80 hivi, dakika 10, poza haraka, chuja, tia magadi halafu mimina ndoo hadi ndoo mpaka povu ligeuke buluu. Acha itulie usiku, chini inabaki tope ya buluu. Kilo 3 za majani nimepata kijiko cha chai tu! Nikaipika na chokaa na maji ya ndizi zilizoiva sana, nikatumbukiza kitambaa kikatoka kijanimanjano, nikakianika, na kadiri upepo unavyopita kinageuka buluu mbele ya macho yako, majirani wote walikuja kuangalia jamani.

Ila niseme ukweli, rangi iliyomo ni ile ile ya mnili, yaani mmea wa nili, na mnili una rangi nyingi zaidi kwenye majani, unapenda joto letu, na ni jamii ya kunde haudai mbolea kama huu woadi. Kaniki za bibi zetu zilikolea kwa nili. Kisha Wajerumani wa BASF, kampuni ya kemikali, wakaanza kuuza nili ya kiwandani 1897 na walimaji wakakosa soko.

Mbegu nyota 4, maelekezo nyota 1. Nitaagiza pakiti nyingine ya mwezi wa tano, na kama kuna mtu Lindi au huku ana mbegu za mnili aniambie, nanunua.