Boksi la Dungeons & Dragons Starter Set: tumelicheza Mbeya na watu wa kila aina

Wadau, naongelea lile boksi la 2014 la hili gemu la kusimulia stori kwa mdomo na dadu, maana yametoka mengine baadae yana stori tofauti kwa hiyo cheki vizuri kabla hujalipa. Langu liliagizwa likaja Dar, likapandishwa basi mpaka huku, na usafiri ndo ulioniuma kuliko bei yenyewe. Ukifungua unakuta kitabu cha sheria kurasa 32, kitabu cha stori kurasa 64, karatasi tano za wahusika walioshatengenezwa na dadu sita, kuanzia ya nyuso nne mpaka ya nyuso ishirini. Basi. Hamna ubao, hamna vinyago, aliyezoea ludo atauliza gemu lenyewe liko wapi.

Gemu liko mdomoni. Mmoja anaongoza, anaitwa DM (Dungeon Master), anawasimulia mko wapi na mbele kuna nini, nyie mnasema mnafanya nini, na pale ambapo haijulikani kama itawezekana unarusha dadu ya ishirini unajumlisha na namba iliyopo kwenye karatasi yako, ukifikisha kiwango umepita, usipofikisha imekula kwako. Kwa usiku wa kwanza hiyo inatosha kabisa, mengine mtayakuta mbele ya safari.

Sasa kilichonifanya niandike ni hizo karatasi tano. Kundi letu hapa Soweto ni mchanganyiko haswa, kuna dereva wa malori ya Tunduma, kuna nesi, kuna dogo wa chuo cha MUST ambaye haya mambo kayaangalia YouTube miaka yote hajawahi kuyacheza, kuna mama wa kwaya ya Moravian anakuja na binti yake wa form two, na hapo wengine gemu wanalolijua ni drafti na karata tu. Watu kama hao ukiwaambia kaeni tuanze kutengeneza wahusika, chagua hiki, gawa pointi kile, wanakukimbia chai haijapoa. Hapa unagawa tu karatasi, kila kitu kishajazwa isipokuwa jina, na nyuma kuna maelezo ya kupanda levo mpaka ya tano. Mama wa kwaya alipoona kashika ya yule wa spelli, yani uchawi, akairudisha hapo hapo, "mwanangu hiyo mpe mwingine," nikampa ya mpiganaji mwenye upinde, hakuna aliyebishana, na ndo anaongoza kwa kuua mpaka leo, sijui kwaya wanalijua hilo.

Spoila kidogo hapa, asiyetaka aruke. Stori inaanza mnasindikiza mzigo kwenye gari la kukokotwa, mnakuta farasi wawili wamekufa wameziba njia. Dogo wa MUST akataka wote tushuke tukakague. Dereva akagoma, "Shuka wewe bwana mdogo. Barabara ikizibwa hivyo hamna kushuka, rudi nyuma kwanza halafu angalia vichakani." Mtu hajasoma hata mstari mmoja wa sheria! Nikamwambia rusha dadu, akatoa 17, akawaona goblini, vile vijitu vibaya vya kwenye stori, kabla hawajamvamia mtu. Hapo ndo nikaelewa kwa nini gemu hili linanoga mkiwa hamfanani, dogo anajua sheria ila barabara anaijua mwingine.

Ila hao goblini wanne msiwachukulie poa, kwa watu wa levo ya kwanza wanaua kweli. Mhusika pointi zake za uhai zikifika sifuri hafi papo hapo, kila zamu yake anarusha dadu, kumi kwenda juu ni nzuri, chini ya hapo ni mbaya, zikitimia tatu za upande mmoja ndo imeamuliwa. Wawili wakadondoka kwa pamoja, mmoja anapiga kelele niokoeni mimi nina panga, na spelli ya kuponya imebaki moja. Nesi ndo alikuwa na ile karatasi ya mponyaji, hakuinua hata kichwa, kamwangalia yule mwingine aliyeshafeli mara mbili akasema huyu kwanza, anayepiga kelele anasubiri. Tulicheka kinoma.

Mapungufu yapo. Dadu sita kwa meza nzima ni ubahili, yani dadu ya ishirini moja inazunguka watu wote, inaanguka chini ya kochi, mnawasha tochi za simu kuitafuta. App za dadu zipo za bure ila hazina utamu ule. Kitabu cha stori DM lazima akisome kabla, kile sio cha kufungulia mezani, utaboa watu. Namna ya kutengeneza mhusika wako mwenyewe haimo humu, inabidi ushushe zile Basic Rules (sheria za msingi), PDF ya bure, ni bando lako tu. Na vita inachukua muda, kila mtu na zamu yake, af anayejua sheria anaanza kuwachezea wenzake, "dada wewe piga huyu," boksi halikusaidii hapo. Sisi tumekubaliana anayejua asubiri aulizwe, dogo kanuna wiki nzima ila mambo yakanyooka. Vinyago tunatumia vizibo vya soda vya drafti, ramani tunachora nyuma ya kalenda ya zamani.

Kama mko wanne mpaka sita na kuna mmoja anayekubali kusoma, nunueni. Mkiwa wawili msijisumbue. Kama hela imebana anzeni na hiyo PDF muone kama mtaipenda.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya dadu.