Nimewasikiliza sana wataalamu wa mambo ya nje. Haya ndiyo maoni yangu

Mimi si mwanadiplomasia wala mhadhiri. Ni msikilizaji wa kawaida, wa kusikiliza huku nanyoosha nguo au nikiwa njiani. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifuatilia mazungumzo ya wataalamu kuhusu siasa za dunia: podikasti za taasisi za utafiti, mijadala inayorushwa mubashara mtandaoni, na rekodi za vikao ambavyo zamani usingevisikia mpaka uwe umealikwa. Karibu vyote ni bure. Unacholipa ni muda wako, na saa nzima ni muda mwingi kumpa mtu usiyemjua akueleze kwa nini Uturuki ilinunua mitambo ya ulinzi ya Urusi ilhali ni mwanachama wa NATO, jumuiya ya kijeshi ya nchi za Magharibi.

Kama unachotafuta ni kuambiwa kesho itakuwaje, utaambulia patupu. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, wachambuzi wengi wenye heshima zao waliupa mji mkuu wake, Kyiv, siku chache tu. Idadi ya vifaru waliijua, masafa ya makombora waliyajua, na mji haukuanguka. Wala hili si jambo la bahati mbaya la mara moja. Mtafiti Philip Tetlock alikusanya ubashiri wa wataalamu 284 kwa takriban miongo miwili, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 hayakuwapendeza wengi: kwa wastani hawakuwa bora sana kuliko kubahatisha, na wale wanaotafutwa zaidi na vyombo vya habari walielekea kukosea zaidi. Kwa hiyo mtu akishaanza na "ndani ya miezi sita tutashuhudia", mimi huruka dakika mbili mbele bila huruma.

Wanapofaa ni pale wanapoeleza mambo yanavyoendeshwa. Mfano ninaoukumbuka vizuri ni mjadala kuhusu bei kikomo ya mafuta ghafi ya Urusi, ile iliyowekwa na G7, kundi la nchi tajiri, Umoja wa Ulaya na Australia kuanzia tarehe 5 Desemba 2022, dola 60 kwa pipa. Wazungumzaji walikuwa watatu. Profesa akaongelea mizani ya nguvu duniani, afisa mstaafu akaongelea mshikamano wa washirika, nikawa nusu ya kuzima. Ndipo zamu ikamfikia mama mmoja aliyetoka kwenye biashara ya bima ya meli.

Huyo hakuongelea dunia, aliongelea karatasi. Meli kubwa za dunia, takriban asilimia 90 ukizipima kwa tani, hukatiwa bima ya madhara kwa wengine na kundi moja la vyama vya bima, na vingi vya vyama hivyo viko Ulaya. Meli ya mafuta isiyo na bima inayoaminika hupata taabu kuingia bandarini. Kwa hiyo nchi hizo zilipoziambia kampuni zao zisitoe bima, mkopo wala huduma ya usafirishaji kwa mafuta yaliyouzwa juu ya kikomo, zilikuwa zimeshika mahali panapouma. Kisha akatoboa na udhaifu wa mpango huo: mtoa bima hauoni mkataba wa mauzo. Huletewa tamko la maandishi kwamba bei haikuvuka kikomo, naye hulihifadhi kwenye faili. Akakumbusha kilichotokea siku zile za mwanzo pale Bosporus, mlango bahari wa Uturuki, nchi hiyo ilipodai barua za kuthibitisha bima na meli za mafuta zikapanga foleni, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimebeba mafuta ya Kazakhstan, ambayo hayakuhusika kabisa na kikomo. Baada ya hapo ndipo zikaongezeka meli kuukuu zinazobadilisha majina na bendera, zenye bima ya kampuni ambazo hakuna anayejua kama zitalipa mafuta yakimwagika.

Dakika kama kumi na mbili hivi, na nikaelewa vikwazo kuliko nilivyovielewa kwenye hotuba zote za mawaziri. Profesa naye, nadhani, alielewa jambo, kwa sababu alinyamaza na baadaye akauliza swali zuri.

Mabalozi wastaafu ni kundi jingine ninalolipenda, ila inategemea wameulizwa nini. Muulize balozi mstaafu kuhusu "mustakabali wa ushirikiano wa kimataifa", atakupa hotuba aliyoitoa mara mia. Muulize azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linapikwaje, uso unabadilika. Nimemsikiliza mmoja akieleza hatua kwa hatua. Rasimu huandikwa na nchi inayoshika kalamu kwenye suala husika, na masuala mengi yako mikononi mwa Ufaransa, Uingereza na Marekani. Hujadiliwa faraghani kati ya wajumbe 15, kisha maandishi huwekwa chini ya utaratibu wa kimya: mnapewa muda, labda mpaka kesho saa nne asubuhi, na asiyesema neno amekubali. Mwanadiplomasia mdogo anaweza kukesha akisubiri ruhusa ya mji mkuu wake ili avunje kimya hicho. Rasimu ikikamilika huchapwa kwa rangi ya buluu, ndiyo dalili kwamba kura iko karibu. Sikuwahi kufikiri kwamba rangi ya wino ina kazi kwenye vita na amani.

Kwa ufafanuzi wa namna hiyo habari za zamani nazo zinasomeka upya. Azimio namba 1973 la tarehe 17 Machi 2011, lililoruhusu nguvu za kijeshi kuwalinda raia wa Libya, lilipita kwa kura 10. Nchi 5 hazikuegemea upande wowote: Brazil, China, India, Ujerumani na Urusi. Wajumbe wote watatu wa Afrika, yaani Afrika Kusini, Gabon na Nigeria, waliunga mkono. Ukiitazama haraka unaona tu kwamba kura zilitosha. Lakini China na Urusi zina kura ya turufu, na yeyote kati yao angeweza kuliua azimio lile kwa kuinua mkono. Kukaa kimya kwao kulikuwa uamuzi, na malalamiko yao baadaye kuhusu jinsi NATO ilivyoutumia mwanya ule ndiyo yaliyosikika tena na tena wakati wa mijadala ya Syria. Hilo nililipata kwenye mazungumzo, si kwenye taarifa ya habari ya sekunde arobaini.

Anayebeba mzigo mkubwa ni mwendesha mazungumzo. Mzuri anajua mada kiasi cha kukata maneno. Mgeni akisema "China haitakubali", anamuuliza: nani ndani ya China, na umejuaje? Swali la "umejuaje" nimelisikia mara chache mno. Mbaya anamshukuru mgeni kwa "mchango mzito", anasoma swali lake la pili kutoka kwenye karatasi kana kwamba jibu la kwanza halikutolewa, na kabla hujakaa sawa muda umekwisha. Kuna taasisi moja kubwa, jina lake nitalihifadhi, ambayo huwaita watu wanne wanaokubaliana kwa kila kitu kisha inaita hicho kikao mdahalo. Nyingine husoma wasifu wa wageni mpaka unasahau mada. Na maswali ya hadhira, jamani! Mtu anapewa kipaza sauti, anahutubia dakika tatu, anamalizia na "je, unakubaliana nami?"

Suala la fedha nalo lisipite hivihivi. Mwaka 2014 gazeti la The New York Times lilichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi serikali za nje zilivyokuwa zikizifadhili taasisi za utafiti za Washington. Simaanishi kila mtaalamu amenunuliwa. Ila mtu akitetea kwa moyo wote sera ya nchi fulani ya Ghuba, napenda kujua kama nchi hiyo iko kwenye orodha ya wafadhili wa ofisi yake, na ningependa niambiwe mwanzoni mwa kipindi badala ya kuitafuta kwenye ripoti ya mwaka. Taasisi zinazotangaza hilo waziwazi nazipa alama nzuri hata kama sikubaliani nazo.

Kwa majina: Chatham House ya London, iliyoanzishwa 1920, inajulikana kwa kanuni yake ya 1927 kwamba unaweza kutumia ulichosikia bila kutaja nani alisema. Wengi hudhani basi kila kitu pale ni siri. Mikutano yake mingi hufanyika hadharani na rekodi zake zinapatikana, na upande wa Afrika wana watu wanaozijua nchi kwa undani. Council on Foreign Relations ya New York, ambayo imekuwa ikitoa jarida la Foreign Affairs tangu 1922, nzuri yake ni nakala za maandishi. Kwa mtu ambaye lafudhi humshinda, au anayetaka kurudia hoja moja bila kusaka dakika, hizo ni msaada mkubwa. Dosari yake ni kwamba swali huishia mara nyingi kwenye "Marekani ifanye nini", hata pale Marekani si mhusika mkuu. Ninayorudi kwake zaidi ni Crisis Group, taasisi ya kuchunguza migogoro ya tangu 1995, hasa podikasti yao ya The Horn kuhusu Pembe ya Afrika. Wachambuzi wao huongea na pande zinazopigana, kwa hiyo unasikia kamanda fulani anaogopa nini, nani hampokelei nani simu, na kwa nini usitishaji mapigano ulikufa kabla wino haujakauka. Kwa Kiswahili, Meza ya Duara ya DW, idhaa ya Ujerumani, hunipa kitu ambacho hao wengine hawana: watu wanaobishana kweli, wakikatana kauli, bila mtu kuogopa kupoteza mwaliko wa mwaka ujao.

Ukitaka kuanza, angalia jina la mada kabla ya jina la mgeni. Kipindi kinachoitwa "mfumo wa dunia unaelekea wapi" kiache kwanza. Tafuta chenye jambo moja dogo, kwa mfano makubaliano ya tarehe 1 Januari 2024 kuhusu njia ya kufika baharini, kati ya Ethiopia na Somaliland, eneo lililojitangaza kujitenga na Somalia. Humo utakuta bandari ya Berbera, kampuni ya Dubai inayoiendesha, hasira ya Mogadishu, Uturuki ikipatanisha, na Misri ikitazama kwa sababu ya mzozo wake na Ethiopia juu ya mto Nile. Vya namna hiyo hata navisikiliza kwa kasi ya kawaida.