Simu ya ofisi inayopokelewa na wote: ninavyozipanga

Ofisi yetu ya kutoa mizigo forodhani iko Malaba, upande wa Uganda. Tuko watano, namba ya simu ni moja. Siku moja simu iliondoka ikiwa mfukoni mwa mwenzetu aliyekwenda kula. Dereva aliyetoka Mombasa akapiga mara tisa, lori limekwama kwenye foleni, karatasi zake ziko mezani kwetu. Tangu siku hiyo, simu yoyote naipima kwanza kwa jambo moja: je, itabaki ofisini?

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni simu ya mezani ya kutia laini. Ukiiona ni kama zile za zamani, ina mkono na waya wake, ila nyuma ina antena na tundu la laini ya kawaida, iwe MTN au Airtel. Haiingii mfukoni. Mlio wake unasikika mpaka barazani, na aliye karibu ndiye anayepokea. Hakikisha ina betri ndani, maana umeme hukatika bila hodi. Kioo kionyeshe namba zilizopiga, na isiwe imefungiwa kampuni moja ya simu. Kando yake weka daftari lililofungwa kalamu kwa uzi: saa, jina, namba ya gari, alichotaka.

Bajeti ikibana, nunua katochi, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi, ya laini mbili. Chaji hukaa siku kadhaa na bei haiumizi. Tatizo ni udogo wake. Sisi yetu tuliifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Mlioko mpakani, ingieni kwenye mipangilio mchague mtandao wenyewe. Mkiiachia simu ijichagulie, itashika mnara wa Kenya na salio litaisha mkishangaa.

Ya tatu ni simu janja. Madereva wanapenda kutuma picha za hati kwa WhatsApp, na akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi, kwa hiyo kompyuta za ofisi nazo zinasoma. Ni msaidizi mzuri sana. Lakini kama ndiyo simu pekee, itatamaniwa, itachezewa, na jioni utaikuta haina chaji.

Simu za intaneti, zile zinazopiga kupitia intaneti badala ya laini, naziweka mwisho. Ofisi kubwa ya Kampala yenye idara nyingi itazifurahia. Kwetu, ruta ikizima tu, namba imekuwa bubu. Na Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, simu za kawaida ziliendelea kuita.

Laini yenyewe isajiliwe kwa jina la kampuni. Ikisajiliwa kwa kitambulisho cha mfanyakazi, siku akiacha kazi ataondoka na wateja wenu. Wala msipokelee pesa kwenye laini hiyo. Namba ya siri ikishajulikana na watu watano, mkipata hasara hamtajua mumuulize nani.

Dukani, usilipe kabla ya kujaribu. Tia laini yako, chomoa waya wa umeme, mwombe mtu akupigie akiwa nje barabarani, kwenye kelele za bodaboda. Sikiliza kama unamsikia, kisha muulize kama anakusikia.