Mashine ya zoezi nyumbani: ya stima ama ya vyuma?

Kama wakaa flati ndogo huku Tudor, Mombasa, swali la kwanza ni ipi itaingia bila kuuza makochi. Ile ya stima kama Tonal yafungwa ukutani, uzito watoka kwa mota na sumaku sio vyuma, Tonal ya kwanza yafika pauni 200 yaani kama kilo 90, na sakafu yabaki wazi, hapo safi kabisa. Lakini yataka intaneti na malipo ya kila mwezi, stima ikipotea ndio basi wabaki waangalia kioo cheusi. Na kuta za matumbawe kule Mji wa Kale mi singethubutu kuzitoboa.

Ya vyuma, ile ya kebo na pini ya kuchagua uzito, ni nzito balaa, kuipandisha gorofa ya nne utalipa vijana watatu na soda juu, na hewa ya bahari hii italeta kutu kwa kebo na reli usipoipangusa na kupaka mafuta kidogo. Lakini wasogeza pini tu, kiza ama mwanga wabeba.

Mi nachukua ya vyuma, hasa nikipata ya mtumba, ila kagua kebo kwanza, nyuzi zikiwa zishaanza kuchanika achana nayo.